Lundo la Eudoro

12 Januari. Nyuzi 11.
Bibi shamba Lizeth ameniachia daftari hili na kipimajoto chenye mguu mrefu kama sindano ya kushonea magunia. "Mama Anatilde, kila siku andika joto la lundo, kama umeligeuza, na kama mvua imenyesha. Basi." Nikamwambia mimi ni binti wa fundi cherehani, kuandika najua, ila kukata maneno ndiyo sijui. Haya, na asome.

Leo tumejenga lundo. Nasema tumejenga, kumbe aliyeshika uma ni mimi, na mume wangu Eudoro alikuwa kitini, amejifunika ruana yake ya sufu mpaka masikioni, anaamrisha. Tabaka la mabua ya shayiri, tabaka la samadi ya ng'ombe wetu wawili na kondoo tisa, maji ya kunyunyiza, kisha mabua tena. Ndoo tatu za mabua kwa ndoo moja ya samadi. "Lifike kifuani mwako," anasema. "Likiwa fupi halipati moto. Likizidi, huko ndani linakosa pumzi." Nikamwambia basi mtakuwa ndugu. Akacheka hadi kikohozi kikamkaba, nikajuta. Miaka ishirini na miwili mgodini, vumbi la makaa lote liko kifuani mwake.

13 Januari. Nyuzi 14. Hakuna jipya.

15 Januari. Nyuzi 31. Linaamka!

18 Januari. Nyuzi 52.
Eudoro anakidharau kipimajoto. Amenituma nikachomeke upau wake wa chuma katikati ya lundo, nihesabu hadi mia mbili, niuchomoe na kuushika. "Unaweza kuushika?" Nikasema kwa shida. "Hapo sawa. Ukishindwa kabisa kuushika, limezidi, lifungue. Ukiushika bila taabu, limelala, ligeuze." Kisha nikamletea konzi ya mboji ile, akaikamua. Yakatoka matone mawili. Akasema matone mawili ni sawa, yakitiririka ni balaa, yasipotoka ni balaa nyingine. Alikuwa na furaha ya mtu anayeonyesha watoto wake. Hatukujaliwa watoto.

21 Januari. Nyuzi 61.

27 Januari. Nyuzi 44. Nimeligeuza peke yangu, la nje likaenda ndani, la ndani nje. Mgongo si wangu tena.
Wifi yangu Belarmina amepita, kama kawaida yake, kazi zikiwa zimekwisha. Akasimama, mikono kiunoni. "Loo, binti wa fundi! Mikono ya kushika uzi leo inashika uma!" Maneno hayo kayasema tangu siku ya harusi yangu, na mwaka huu harusi ina miaka thelathini na minne. Nikamjibu: "Wifi, ukitaka kusaidia uma mwingine upo. Ukitaka kutazama, kiingilio ni gunia la mabua." Akaondoka anacheka. Simpendi mwanamke huyu. Naandika hivyo wazi, na Lizeth akisoma shauri yake.

2 Februari. Nyuzi 58. Nimeligeuza tena juzi.
Leo sikukuu ya mishumaa. Badala ya misa tumekwenda hospitali Tunja. Daktari alimtazama Eudoro, kisha akanitazama mimi, nikajua kabla hajafungua mdomo. Amesema akifika katikati ya mwaka tushukuru. Wametupa mtungi wa hewa na mrija wa kuweka puani.

Tulirudi, tukaliona paa la nyumba yetu. Ndipo Eudoro akasema: "Katikati ya mwaka mimi ya nini? Nipe Mtakatifu Yosefu. Nipande, nione majani yamechomoza, basi."

Ni viazi vyake anavyovisema, viazi vya jicho la njiwa, vidogo vya njano, kila jicho na duara la zambarau. Mama yake alivipanda siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa Machi, na bibi yake vilevile. Zamani kila nyumba hapa Alto del Cardón ilikuwa navyo. Wakahamia vile vya sokoni, vikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na Eudoro akabaki mwenyewe na vyake, wakimcheka. Mwaka jana jalidi, ile baridi ya barafu, ikaunguza shamba. Vimebaki arobaini na vitatu ndani ya sanduku chini ya kitanda chetu. Navyo havijui kulala, ukivivuna tu vinaanza kuchipua, huwezi kuviweka vingoje msimu mwingine. "Sina mtoto, sina ng'ombe wa maana," amesema leo. "Nina hivyo. Nataka niviache kwa watu." Nimekwenda zizini nikalia, kwa kuwa mbele yake siwezi.

9 Februari. Nyuzi 55. Anakula kidogo.

11 Februari. Nyuzi 53.

15 Februari. Mvua imewahi. Mvua gani hii ya Februari?

16 Februari. Mvua.

17 Februari. Mvua. Upepo umeng'oa turubai la kufunikia lundo alfajiri, nami nilikuwa nimesinzia kando ya Eudoro, sikusikia. Nilipofika lundo lilikuwa linachuruzika maji meusi.

20 Februari. Nyuzi 19.
Limekufa. Nimekamua konzi, maji yametiririka hadi kiwikoni. Linanuka mayai viza. Nimemwambia Eudoro, maana hilo sikuweza kumficha, harufu imeingia hadi jikoni. Yeye tu ndiye asiyeisikia. Tangu awekwe mrija ule puani hasikii harufu ya kitu, hata kahawa. Akasema taratibu: "Lifungue lote. Changanya mabua makavu, mengi. Lijenge upya. Kisha subiri."
"Nisubiri mpaka lini?"
"Mpaka liwake, lipoe, uligeuze lisiwake tena. Linajua lenyewe."
Nimehesabu kwa vidole. Mtakatifu Yosefu ni siku ishirini na saba.

22 Februari. Nyuzi 17.
Mabua hayapo kitongoji kizima. Nimepita nyumba saba, yote yamelowa au yameliwa. Jirani yetu Mzee Pompilio, mfuga kuku, akaniambia: "Mabua sina, mama. Ila kinyesi cha kuku ninacho, kibichi, kina moto wa kuchemshia maharage. Ukitaka joto, chukua."
Nilitaka joto. Nimebeba magunia sita kwa punda wake, nikachanganya na vumbi la mbao nililokuta kwake.

Watu wa hapa ndivyo tulivyo, shamba likichoka tunalimwagia kinyesi cha kuku kibichi, na likichoka zaidi tunaongeza. Eudoro peke yake alikuwa akipiga kelele. Sijamwambia nilichotia.

25 Februari. Nyuzi 57. Haleluya.

28 Februari. Nyuzi 69!
Upau haushikiki. Nimemwambia Eudoro ile namba, akapiga makofi kitandani, mrija ukamtoka. "Sabini kasoro moja! Anatilde, wewe ni fundi!" Miaka thelathini na minne nimelingoja neno hilo. Sikuweza kumwambia ni kuku. Sikuweza tu.

5 Machi. Nyuzi 66. Nimeligeuza. Macho yamenitoka machozi kwa ukali wa harufu, kama kuinamia mkojo wa jana.

10 Machi. Nyuzi 60.

13 Machi. Nyuzi 62. Haliteremki. Hivi nalitukana kila asubuhi nikienda kulipima. Mwezi uliopita nililiombea moto kwa watakatifu wote, sasa naliombea lipoe.

16 Machi. Nyuzi 58.
Lizeth amekuja. Akachota mkononi, akanusa, uso ukabadilika. "Mama, umetia nini humu?" Nikamwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema: "Lundo hili ni zuri, ila ni bichi. Linahitaji miezi miwili, miwili kamili. Ukiweka mbegu humu sasa, itaungua. Panda bila mbolea, mama, au usipande." Nikamwambia ile ardhi imechoka, Eudoro mwenyewe kasema bila mbolea hapo hakioti kitu. "Basi msubiri," akasema. Msichana mwema, na hajui analosema. Nisubiri na nani?

18 Machi. Nyuzi 56.
Belarmina kaja kumwona kaka yake. Akipita karibu na lundo aliziba pua. "Wifi, mboji hii bado inakata pua. Kesho si utaipumzisha, usipande nayo?" Damu ikanipanda. Nikamwambia: "Nyumbani kwangu hujanifundisha hata kukoroga supu, leo utanifundisha mboji? Unaona wivu kwamba kaka yako amenisifu mimi." Akanitazama, akafunga ushungi wake, akaondoka bila kucheka.

19 Machi. Mtakatifu Yosefu. Nyuzi 55.
Nimepanda.

Mzee Pompilio na wanawe walimbeba Eudoro na kiti chake na mtungi wake mpaka ukingoni mwa shamba. Mvua ilikuwa imepumzika. Alivaa kofia yake ya kanisani. Nilikuwa nimeshachimba matuta jana, na mboji nilikuwa nimeitandaza tangu alfajiri ili ipoe kidogo, ikawa inatoa mvuke chini ya ile baridi. Yeye aliuona mvuke akasema, "Ardhi inapumua." Nikasema ndiyo.

Kabla sijaanza aliniita. Akanishika kidole kama mtoto. "Limepoa, Anatilde?"

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba sikupata nafasi. Ningesema halijapoa, tuvipande kwenye udongo mtupu, vitoke vichache vikitoka. Angekubali. Angeninung'unikia kidogo na angekubali. Lakini mbele ya Pompilio na wanawe, na Belarmina kasimama kule juu njiani akitazama, mimi fundi wa nyuzi sitini na tisa, nikasema: "Limepoa, mume wangu."

Akatoa kiazi cha kwanza mwenyewe sandukuni, akakibusu, akanipa. Nikaviweka vyote arobaini na vitatu, kimoja kimoja, na kila kimoja nikikifukia mboji ilikuwa vuguvugu mkononi. Nikajiambia vuguvugu si moto.

24 Machi. Mvua.

29 Machi. Mvua. Sijapima lundo. Eudoro anauliza asubuhi na jioni. Namwambia bado, baridi.

4 Aprili. Bado.

7 Aprili. Shamba la Pompilio la viazi vya sokoni, alilopanda siku moja na sisi, limechomoza lote.

9 Aprili.
Leo nimechimba. Nilisema nitachimba kimoja tu, nione. Nikaingiza mkono kwenye tuta, nikashika kitu laini, kikapasuka katikati ya vidole. Maji ya kijivu, ganda lililobaki kama ngozi ya mtu aliyeungua. Vichipukizi vyeusi. Nikachimba cha pili. Nikachimba tuta zima, kisha la pili, kisha yote. Nilichimba kwa mikono, kwa magoti, mvua inanipiga mgongoni, nikawa nasema kimoja tu, Bikira Maria, kimoja tu, kimoja tu ninachokuomba. Arobaini na vitatu. Vyote.

Nimeviua mimi. Si mvua, si turubai. Mvua ililoweka lundo tu, mimi ndiye niliyelitia haraka, kisha nikasema limepoa. Kitu alichokitunza mama yake, na bibi yake, na watu ambao majina yao hata Eudoro hayajui, nimekipika kwa asubuhi moja kwa sababu sikutaka kuonekana binti wa fundi cherehani.

Nimesawazisha matuta kwa jembe, nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikaingia ndani. Alikuwa macho.
"Vipi?"
Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Vimechomoza."
"Vingapi?"
"Vyote."
Eudoro akalia. Mwanamume yule sijamwona akilia hata siku walipowatoa wenzake wanne mgodini wakiwa wamefunikwa mashuka. Akalia akinishika mkono, mkono huo huo.

12 Aprili. Amekunywa supu yote ya shayiri. Ameomba na ugoro wake. Ana nguvu kuliko mwezi mzima.

14 Aprili.
Maji yamenifika shingoni. Jana Pompilio alikuja kumjulia hali, na Eudoro akamwambia: "Jirani, kwenye mavuno chukua viazi kumi na viwili vya mbegu. Anatilde atakupa. Ila uniahidi hutaviuza, utavipanda." Pompilio akanitazama. Kisha akamwambia, "Nakuahidi, ndugu yangu. Nimeviona, vimependeza." Nadhani alisema kwa adabu tu.

Leo kaja Mama Custodia wa bondeni. Kumi na viwili. Kaja mpiga kengele wa kanisa. Kumi na viwili. Eudoro anagawa kama tajiri, uso unang'aa. Kila mtu anaitikia asante, kila mtu anamwahidi. Nami nimesimama na trei ya vikombe, natabasamu.

17 Aprili. Jana watu watatu, leo wanne. Viazi themanini na vinne.

19 Aprili. Belarmina. Aliketi kitandani, akamlisha mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye maziwa. Eudoro akamwambia: "Wewe dada yangu chukua ishirini, ni vya mama." Belarmina akasema: "Nitachukua, ee. Na nimeviona nikipita, majani mapana, meusi ya afya." Nikashangaa. Nikafikiri macho yake yameanza kuzeeka.
Akiwa anaondoka alinishika bega. Sikujua la kufanya na bega langu.

23 Aprili. Eudoro amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa namnyoa.

24 Aprili. Tumemzika.

25 Aprili. Siku ya pili ya zile siku tisa za kumwombea marehemu.

28 Aprili. Wanasali, naitikia. Kila nikiinua macho namwona mtu aliyeahidiwa. Nimewahesabu, ni kumi na mmoja.

2 Mei.
Leo ilikuwa siku ya tisa, ya mwisho. Mchana, baada ya rozari, kabla ya chakula, nikasimama. Nikashika meza. Nikasema: "Jamani, kabla hamjala chakula changu nina neno. Eudoro aliwaahidi mbegu. Mbegu hakuna. Hazikuchomoza hata moja. Niliharakisha lundo, nikaliwekea kinyesi cha kuku, nikapanda likiwa moto, zikaungua. Nilimdanganya, amekufa akiamini uongo, na ninyi nimewadanganya pia. Mnisamehe, na asiyeweza ana haki."

Nikangoja mtu aanze kunifokea, nikaona ingekuwa heri.

Mzee Pompilio akavua kofia, akaikunjakunja. "Mama," akasema, "njia ya kuja hapa inapita kando ya shamba lenu."

Sikuelewa. Nikamtazama Custodia, naye akatazama chini. Mpiga kengele vilevile. Ndipo nikaelewa. Hakuna njia nyingine ya kufika nyumba hii. Wote walikuwa wamepita ile ardhi tupu, kila mmoja, kisha wakaingia, wakavua viatu, wakaketi kitandani kwake wakamwambia vimependeza.

"Mimi nilikuona ukichimba," akasema Belarmina. "Ile siku ya mvua. Nilikuwa kule juu. Nilitaka kushuka, nikasema utanifukuza." Akaufunga ushungi wake upya. "Nikazunguka nyumba zote kabla ya giza, nikawaambia, atakayekwenda kumwona, viazi vimechomoza."

Huyo ndiye wifi yangu. Miaka thelathini na minne nimemwita nyoka. Nikamwendea, tukakumbatiana kama watu wasiojua kukumbatiana, vichwa vikagongana, nikalia mpaka ushungi wake ukalowa.

Baadaye nikawauliza mmoja mmoja, pengine kuna mtu amebakiwa na kimoja, kwenye kapu, kwenye pembe ya shamba, popote. Belarmina alikuwa navyo, akala vya mwisho miaka sita iliyopita alipougua, akaona haya kumwambia kaka yake. Custodia hana. Hakuna aliye navyo. Walinibembeleza, walinilisha, wakaosha vyombo vyangu. Lakini mbegu hakuna.

18 Mei. Nyuzi 13, sawa na hewa.
Juma lililopita nilikwenda kuligeuza lundo lililobaki, baada ya majuma mengi. Halikuwaka. Jeusi, linasagika, linanuka msitu baada ya mvua. Nimekamua, tone moja. Minyoo imo. Hakuna bua hata moja linalotambulika. Lizeth kachota, kanusa, kasema hajaona mboji kama hii wilaya nzima. Miezi miwili, alivyosema.

21 Mei.
Wamekuja wote kumi na mmoja, na magunia. Belarmina ndiye aliyewaita. "Kaka yangu aliwaahidi kitu," kasema, "na hiki kipo." Nikawagawia mboji kwa koleo, kila mtu sawa na mwenzake, Belarmina nikamzidishia. Pompilio alisema atalitia gunia lake kwenye mahindi na kuku wake hawatamwona tena akibeba kinyesi kibichi shambani. Nilicheka, mara ya kwanza.

Walipoondoka nikabaki mahali lilipokuwa lundo. Pamebaki mraba wa udongo mweusi, nyasi zake zimekufa, upana wa kitanda cha watu wawili. Nikakaa hapo chini. Nikamwambia kwa sauti, maana hakukuwa na wa kunisikia: "Eudoro, halikuwa limepoa. Uliniuliza, nami nikakujibu uongo." Nikangoja. Ng'ombe walikuwa wanataka kukamuliwa, nikanyanyuka nikaenda.